Kitenzi “Let” cha Kiingereza: Maana Zake, Asili Yake na Namna ya Kukitafsiri

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi huyajua tangu shule ya msingi, na kwa sababu hiyo hayatafuti tena kwenye kamusi. “Let” ni mojawapo. Lina herufi tatu tu, halibadiliki katika wakati uliopita, na mwalimu wetu wa kwanza alilieleza kwa neno moja: kuruhusu. Tukaandika, tukafunga daftari. Miaka kadhaa baadaye, frateri aliye katika mafunzo ya kichungaji anaombwa asimame kando ya padre mgeni, atafsiri mahubiri ya mazishi kwa Kiswahili. Mgeni anasema: “God let this happen.” Frateri ana sekunde mbili za kuchagua neno, na mbele yake wameketi wazazi wa marehemu.

Tutafika kwenye sentensi hiyo. Kwanza tulifungue tena lile daftari.

Kuruhusu na kuacha

Maana inayofahamika zaidi ni ile ya mwalimu. “The rector let them go home early”: gombera aliwaruhusu waende nyumbani mapema. Mpangilio wa maneno hapa una sheria yake. Baada ya “let” huja anayetendewa, kisha kitenzi kitupu, bila “to”. Wengi wetu huandika “let him to go” kwa kuwa “allow”, lenye maana ileile, hudai “to”: “allow him to go”. Tena “let” ya kuruhusu haipendi hali ya kutendwa. Hatusemi “he was let to go”, tunasema “he was allowed to go”. Na kwa vile wakati uliopita ni “let” vilevile (hakuna “letted” katika Kiingereza sanifu), tofauti kati ya “he lets” na “he let” hubebwa na ile “s” peke yake. Msomaji wa masomo kanisani akiimeza hiyo “s”, jambo la leo limekuwa la jana.

Kutoka kwenye kuruhusu na kuacha yamezaliwa matumizi mengine. Mwenye nyumba “lets”, mpangaji “rents”. Kiswahili humaliza shughuli hiyo kwa mzizi mmoja, kupangisha na kupanga. Ndiyo maana vibao vya “TO LET” vinaning’inia kwenye mageti ya Nairobi, na watundu huchomeka herufi “I” katikati, nyumba ya kupangisha ikageuka choo. Wamarekani hawapati tabu hiyo, kwa sababu wao huandika “for rent”. Kisha kuna misemo: “let down” ni kumwangusha mtu aliyekutegemea, “let off” ni kumwachia mkosaji bila adhabu au kwa adhabu ndogo, “let alone” ni sembuse au achilia mbali. Hiyo ya mwisho inapendeza: Kiingereza na Kiswahili, kila kimoja kwa njia yake, vimetumia kitenzi cha kuacha kusema “hilo jingine hata tusiliguse”. “Let me see” nayo ni “wacha nione” kwa Wakenya wengi na “ngoja nione” kwa Watanzania wengi. Msomaji alikumbuke hilo “ngoja”, maana tukifika kwenye asili ya neno tutakuta kuchelewa kumejificha humo.

“Let us pray” haiombi ruhusa

Padre anapofungua mikono na kusema “Let us pray”, haombi kibali kwa mtu yeyote. Kilatini kina neno moja tu hapo, “oremus”, na Kiswahili kina neno moja tu, “tuombe”. Waliosoma Kilatini watakumbuka kwamba “oramus” ni tunaomba, na “oremus” ni tuombe: ile “a” imegeuka “e”. Kwetu pia ni omba na ombe. Ni sadfa tupu, lugha hizi mbili hazina undugu, lakini ni sadfa inayomsaidia mwanafunzi kuliko kurasa kumi za sarufi.

Kiingereza zamani kilikuwa na viambishi vyake vya kuonyesha matakwa na himizo, kama tulivyo na hiyo “-e”. Katika Kiingereza cha Kale mtu aliyetaka kusema “tuombe” alitumia neno “uton” mbele ya kitenzi. Miisho ya vitenzi ikamomonyoka karne hadi karne, “uton” nayo ikafa, na lugha ikabaki bila chombo cha kuhimiza nafsi ya kwanza wingi. Ikakichukua kitenzi kilichokuwa karibu, “let”, ikakipa kazi hiyo. Kwa hiyo katika “let us pray” neno “let” limeacha maana yake ya kuruhusu, limekuwa kitenzi kisaidizi kinachofanya kazi ya ile “-e” yetu. Anayetafsiri “turuhusu tuombe” ametafsiri kiambishi kana kwamba ni neno.

Hata hivyo “let us” ya kuruhusu bado ipo, na ndiyo inayoleta utata. “Let us go” ikisemwa na kapteni wa timu ni “twende”. Ikisemwa na watu waliofungwa kamba, wakimwambia aliyewafunga, ni “tuache twende”. Waingereza wenyewe huzitofautisha kwa njia mbili. Ile ya himizo yaweza kufupishwa kuwa “let’s”, ile ya kuomba ruhusa haifupishwi katika Kiingereza sanifu. Na ukiongeza mkia wa swali, himizo huchukua “shall we?” na ombi huchukua “will you?”. Jaribu mkia huo kila unapopata shaka.

Kwa nafsi ya tatu mambo ni yaleyale. Katika Mwanzo 1:3 Kilatini kinasema “fiat”, Kiswahili “iwe”, na Kiingereza kinalazimika kutumia maneno matatu, “let there be”. Mtu akitia kuruhusu hapo, Mungu anakuwa anaomba kibali kabla hajaumba chochote, na hatujui angemwomba nani. Mwalimu wa hisabati anapoandika “Let x be the number of mangoes”, naye haruhusu kitu. Anamaanisha “tuseme x ni idadi ya maembe”.

Na kuna mahali ambapo Kiingereza kimehifadhi namna ya zamani, bila “let” kabisa. Katika sala ya Baba Yetu, vitenzi vinavyolingana na litukuzwe, ufike na lifanyike vimesimama kama vilivyosimama karne nyingi zilizopita. Ndiyo maana neno “come”, linalofuata ufalme, halina “s”. Tumewahi kuona daftari ambamo “s” hiyo imeongezwa kwa wino mwekundu. Aliyeongeza alidhani ni taarifa, kwamba ufalme huja, kumbe ni ombi kwamba ufike.

Neno hilo “fiat” la Kilatini linatumika pia katika Mathayo 6:10, mapenzi ya Mungu yafanyike, na katika Luka 1:38, jibu la Bikira Maria kwa malaika. Msomaji wa Kilatini huona neno moja katika sehemu zote tatu na kufurahi. Lakini Kigiriki hakikusawazisha hivyo. Mwanzo, katika tafsiri ya Septuaginta, na Mathayo vina “genetheto”, namna ya kuamuru. Luka ana “genoito”, namna ya kutamani. Maria hatoi amri wala hatoi ruhusa, anatamani litimie. Kiingereza kikisema “let it be” tofauti hiyo haionekani tena, na sisi tunaotafsiri kutoka Kiingereza hatuwezi kukiona kilichokwisha kufichwa.

Vitenzi viwili vilivyovaa nguo moja

Sasa tuingie kwenye asili. “Let” tunayoijua ilitoka katika kitenzi cha Kiingereza cha Kale “lætan”, chenye irabu ndefu, kilichomaanisha kuacha, kuacha nyuma, kuruhusu. Ndugu zake wako hai: Wajerumani wana “lassen”, Waholanzi wana “laten”. Kifaransa kina “laisser”, chenye maana hiyohiyo na sauti inayofanana, lakini hicho ni mgeni katika ukoo huu. Kilitoka kwa “laxare” ya Kilatini, kulegeza. Na tukiwa hapo, “letter” ya kumaanisha barua au herufi nayo si ndugu. Ilitoka kwa “littera” ya Kilatini.

Kando ya “lætan” palikuwa na kitenzi kingine, “lettan”, na maana yake ilikuwa kuzuia, kukwamisha, kuchelewesha. Kilijengwa juu ya neno lililomaanisha polepole, lile lililotupatia “late”. Kwa kifupi, “lettan” ni kumfanya mtu achelewe. Wakati Kiingereza kilipokuwa kikibadilika baada ya karne ya 11, irabu zilifupika, miisho ikadondoka, na vitenzi hivi viwili vikajikuta vinatamkwa na kuandikwa sawasawa: “let”. Kimoja kinafungua mlango, kingine kinaufunga, na huwezi kuvitofautisha kwa jicho wala kwa sikio.

Wataalamu wa asili za maneno huvirudisha vyote viwili kwenye mzizi mmoja wa kale sana wenye wazo la kulegea. Anayelegeza mkono huachia kilichomo. Anayelegea mwenyewe huchelewa. Mzizi huohuo ulitoa “lassus” ya Kilatini, aliyechoka, na kwa upande wa Kiingereza “late” na “last”. Basi ni mabinamu waliotengana, wakakua mbalimbali hadi wakapingana kwa maana, kisha wakakutana tena wakiwa na sura moja.

Mahali pazuri pa kuviona pamoja ni Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611. Fungua Kutoka sura ya 5. Katika aya ya 1 Musa na Haruni wanamtaka Farao awape watu wa Mungu ruhusa waende, na kitenzi ni “let”. Katika aya ya 4 Farao anawauliza kwa nini wanawazuia watu wasifanye kazi zao, na kitenzi ni “let”. Aya mbili tu kati yake! Msomaji wa 1611 hakubabaika, kwa kuwa alizijua zote mbili. Msomaji wa leo anayeijua moja atadhani Farao anawashutumu Musa na Haruni kwa kuwaruhusu watu wafanye kazi. “Let” ya kuzuia imo pia katika Isaya 43:13, katika Warumi 1:13, Paulo anapowaeleza Warumi kwamba amezuiwa asifike kwao, na katika 2 Wathesalonike 2:7, juu ya yule anayezuia mpaka atakapoondolewa. Soma aya hiyo ya mwisho kwa maana ya kuruhusu, na fundisho lote linapinduliwa: anayelizuia fumbo la uasi anageuka kuwa anayelifungulia njia.

Wakatoliki Waingereza wa wakati ule walikuwa na Biblia yao, na inatuhusu sisi wa seminari zaidi kidogo. Agano Jipya lake lilichapishwa Rheims, Ufaransa, mwaka 1582, na watu wa chuo kilichoanzishwa na William Allen huko Douai mwaka 1568 kwa ajili ya kuwaandaa mapadre ambao hawangeweza kusomea kwao. Ilikuwa kazi ya seminari uhamishoni. Katika 2 Wathesalonike 2:7 wao walifuata Kilatini, wakatumia “hold”, kushikilia, kwa hiyo aya hiyo haijawahi kuwatatiza wasomaji wao kwa namna hii.

“Let” ya kuzuia ilififia baada ya karne ya 17. Hamlet wa Shakespeare bado anaitumia anapotishia kumuua atakayemzuia asiufuate mzimu. Leo imebaki katika pembe chache. Katika tenisi, mpira wa kuanzisha ukigusa wavu na kuangukia mahali panapostahili, mwamuzi huita “let”: kuna kizuizi, rudia. Na ukifungua pasipoti ya Uingereza, au za baadhi ya nchi zilizowahi kuwa chini yake, utakuta maneno “without let or hindrance”, mwenye pasipoti apite bila kizuizi wala kipingamizi. Wapo wanaoyasoma na kujiuliza kwa nini serikali inaomba mtu apite bila ruhusa.

Kuacha, kuachilia, kusamehe

Kuna aya ambazo Kiingereza cha leo hutumia “let” na Kigiriki cha Injili kina kitenzi “aphiemi”. Watoto waachwe waje kwa Yesu, Marko 10:14: “aphete”. (Biblia za zamani za Kiingereza zilitumia “suffer” hapo, kwa maana ya kuruhusu, na mwanafunzi asiyejua historia atadhani watoto wanatakiwa wateseke.) Lazaro afunguliwe, aachwe aende, Yohane 11:44: “aphete”. Lakini kitenzi hichohicho ndicho kilichomo katika Baba Yetu tunapoomba tusamehewe, Mathayo 6:12, na pale msalabani katika Luka 23:34. Kigiriki hakikuona haja ya maneno mawili. Kumwacha mtu aende na kumsamehe ni tendo moja la mkono kufunguka.

Kilatini cha Vulgata kiligawanya. Kwa watoto na kwa Lazaro kilitumia “sinite”, acheni, na kwa kusamehe kikatumia “dimitte”. Ila “dimitte” hiyo ndiyo pia neno ambalo Farao aliambiwa katika Kutoka 5:1. Anayesoma Vulgata husikia sauti ya Musa mbele ya Farao kila anapoomba msamaha wa dhambi. Kiingereza kilipochagua “let go” kwa moja na “forgive” kwa nyingine, sauti hiyo ilikatika. Kiswahili, kwa bahati, bado kina njia ya kuirudisha: kuachilia. Tunamwachilia mfungwa, na siku hizi tunaambiana “mwachilie tu” tukimaanisha msamehe, usimshikie kinyongo.

Neno la kuweka mbele ya waombolezaji

Turudi kwa frateri. “God let this happen.” Akisema “Mungu alitaka”, amesema jambo ambalo mhubiri hakulisema. “Let” ina umbali ndani yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 19, anapima jambo hili kwa uangalifu: Mungu hataki uovu utendeke, wala hataki usitendeke, bali ataka kuuruhusu utendeke. Kati ya kutaka na kuruhusu kuna nafasi nyembamba, na imani ya mama aliyefiwa huweza kusimama au kuanguka ndani ya nafasi hiyo.

Basi aseme “Mungu aliruhusu”? Ni sahihi kitabuni. Lakini katika Kiswahili cha kila siku ruhusa ni kitu kinachoombwa na kutolewa: mwanafunzi huomba ruhusa ofisini, mfanyakazi hujaziwa fomu ya ruhusa. Anayesikia “Mungu aliruhusu” huenda akauliza moyoni, kifo kilienda kuomba ruhusa, na Mungu akatia sahihi? “Mungu aliacha” nayo ina hatari yake, maana kuacha kwetu ni pamoja na kutelekeza.

Sisi tungependekeza “Mungu hakulizuia lisitokee”. Linasema kilichomo ndani ya “let” bila kuongeza chumvi. Na angalia lilivyopatikana: ili kuitafsiri “let” ya kuruhusu tumeikana “let” ya kuzuia. Mgeni akiendelea, “but He has not let you go”, frateri asirudie neno lilelile. Hiyo ni ya mkono: “lakini hajawaachilia mkono”.

Uzito huohuo ulionekana katika Baba Yetu ya Kifaransa. Tangu tarehe 3 Desemba 2017 waamini wa Ufaransa huomba, kwa kutumia “laisser”, wasiachwe waingie katika kishawishi, mahali pa maneno ya awali yaliyoonekana kusema kwamba Mungu ndiye anayewatia humo. Mwezi huohuo Papa Fransisko aliliongelea katika mahojiano ya televisheni nchini Italia, akieleza kwamba baba hamwangushi mwanawe, humsaidia kuinuka. Wengine waliona kwamba Kigiriki hakina kitenzi cha kuacha pale, kina cha kuingiza, na “usitutie” yetu inakifuata Kigiriki na Kilatini kwa uaminifu. Wanasema kweli. Kifaransa kilichagua kueleza, Kiswahili na Kiingereza vikabaki na andiko lilivyo, na kazi ya kueleza ikaachiwa mwalimu wa dini.

Zoezi

Tafsiri sentensi zifuatazo kwa Kiswahili, na kwa kila moja sema kwanza kama “let” ni ya kuruhusu, ya himizo au ya kuzuia.

1. Let whoever is hungry eat first.
2. He cannot sing one verse, let alone lead the choir.
3. Let us through, will you?
4. They let the upper rooms to students every year.
5. Let AB be the shortest side of the triangle.
6. She crossed the border without let or hindrance.
7. God did not let her enemies let her.

Katika ya 4, eleza pia kwa nini huwezi kujua kama ni wakati uliopo au uliopita. Ya 7 ina “let” mbili. Ya pili isome kama angeisoma mtu wa mwaka 1611.